Sanduku la kanda za redio: usibonyeze kitufe cha kucheza bado

Swali: Mjomba wangu alikuwa fundi mitambo katika redio ya umma kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipostaafu. Ametangulia mbele ya haki, nami ndiye niliyeachiwa sanduku lake. Lina kanda 63 za mahojiano na vipindi vya wakati ule, nyingi za rili, yaani utepe uliozungushwa kwenye gurudumu la wazi, na chache za kaseti. Baadhi zinanuka kama siki. Maboksi mengi yana mwandiko wake, mengine hayana hata neno. Nimeuliza redioni, nikaambiwa nakala zao hazipo. Nimepata mashine ya kuazima. Je, nianze na kanda ipi? Naweza kuweka simu mbele ya spika nikarekodi? Na nikimaliza, naruhusiwa kuziweka mtandaoni ili wengine wazisikilize?

Jibu: Pole kwa msiba. Na kabla sijagusa maswali yako matatu, nakuomba jambo moja: usicheze kanda hata moja kwa sasa. Najua hamu uliyo nayo. Mtu akiwa na sauti za miaka 50 iliyopita mkononi, na mashine iko mezani, kungoja ni kazi ngumu kuliko kazi yenyewe. Ngoja hata hivyo.

Nakueleza kwa nini. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nililetewa kanda moja ya mahojiano na mkunga mzee. Kwa macho ilikuwa nzima kabisa: rili haijapinda, utepe umezungushwa vizuri, boksi safi. Niliipachika nikabonyeza. Dakika mbili za kwanza sauti ilitoka safi, yule mama akaanza kusimulia usiku mmoja wa mvua. Kisha nikasikia mlio mwembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta, na sauti yake ikaanza kufifia, kwanza makali ya maneno, halafu maneno yenyewe. Nilipozima na kupitisha kitambaa cheupe kwenye kichwa cha mashine, yaani sehemu inayosoma utepe, kilitoka na ute wa kahawia. Ule ute ndio uliokuwa mahojiano. Nilikuwa nimeyakwangua mwenyewe, na sikuwa nimeyarekodi popote kwa sababu nilikuwa “najaribu tu”. Tangu siku ile sijajaribu kanda. Ama nainakili, ama naiacha kwenye boksi lake.

Utepe wa sauti ni tabaka mbili au tatu zilizoshikamana. Chini kuna plastiki. Juu yake kuna chembechembe ndogo sana za oksidi ya chuma, na hizo ndizo zinazobeba sauti kwa njia ya sumaku. Kinachozishikilia chembe hizo kwenye plastiki ni kitu kama gundi. Plastiki huzeeka kwa namna yake na gundi kwa namna yake, kwa hiyo kanda mbili za mwaka mmoja, zilizokaa katika sanduku moja, zinaweza kuwa na magonjwa tofauti kabisa. Ndiyo maana swali lako la “nianze na ipi” haliwezi kujibiwa kwa kusoma majina kwenye maboksi na kuchagua mtu maarufu. Linajibiwa kwa pua, kwa macho na kwa mwanga.

Anza na pua. Kanda zinazonuka siki ni za plastiki ya asetati, aina iliyotumika sana katika miongo ya mwanzo ya kanda na ambayo bado ilikuwa kwenye rafu za studio wakati mjomba wako anaanza kazi. Asetati ikianza kuoza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na mvuke wa asidi hiyo huharakisha kuoza zaidi, kwenye kanda yenyewe na kwenye jirani zake za aina hiyohiyo. Leo hii, kabla ya jambo lingine lolote, zitoe hizo zote sandukuni na uziweke mbali na wenzake, mahali penye hewa, pakavu na pasipo joto. Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki, maana utakuwa umeufungia mvuke ndani pamoja nazo. Hizo ndizo za kwanza kunakiliwa. Utepe wa asetati ukiendelea kuoza hukakamaa, hunyauka na kupinda kingo kama jani kavu, hadi usiweze kulala sawasawa kwenye kichwa cha mashine.

Kisha mwanga. Kanda isiyonuka bado unaweza kuijua. Shika rili ubavu ukitazama taa au dirisha. Kama mwanga unapenya kwenye mzunguko wa utepe ukaona rangi ya kahawia inayong’aa kidogo kama chai, hiyo ni asetati. Kama ni giza tupu, mara nyingi ni poliesta, plastiki ya aina nyingine. Tofauti hii ina faida nyingine: asetati ikivutwa hukatika mkato safi unaoweza kuungwa, ilhali poliesta hurefuka kwanza kama mpira, na sehemu iliyorefuka hairudi tena.

Usidhani poliesta ndiyo salama. Ile kanda ya mkunga ilikuwa ya poliesta. Kanda nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1970 zilitumia gundi inayonywa unyevu wa hewani, na baada ya miaka mingi gundi hiyo hulainika ikawa kama ulimbo. Dalili zake ni utepe kunata unapoufungua kwa mkono, kuacha unga au ute, na ule mlio mwembamba. Wataalamu huzitibu kwa kuzipasha moto mdogo, kama nyuzi 50 hadi 54 za Selsiasi, kwa saa 8 au zaidi, katika kijoko maalumu chenye joto lisiloyumba. Unyevu hutoka, gundi hukaza, na kanda huchezeka kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi ilivyokuwa. Nakusihi usijaribu katika jiko la nyumbani, kwa kuwa joto lake hupanda na kushuka bila wewe kujua. Wala asetati isipashwe moto kamwe, itaharibika zaidi. Kanda zinazonata mpe fundi wa sauti mwenye uzoefu. Vilevile zenye ukungu, yaani zile zenye manyoya meupe au ya kijivu pembeni mwa utepe: usizipulize, usizifute, na ukizishika vaa barakoa, maana ukungu ule unaumiza mapafu.

Hapo mpangilio wako umekamilika: siki kwanza, zinazonata na zenye ukungu kwa fundi, zilizobaki zisubiri zamu.

Umesema redioni walikuambia nakala zao hazipo, na nahisi ulichukia. Ningependa uelewe hali ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha thamani ya sanduku lako. Redio ilizaliwa bila kumbukumbu. Kwa miaka mingi karibu kila kitu kilikwenda hewani moja kwa moja na kupotea palepale. Kilichorekodiwa kiliwekwa kwenye santuri laini zilizochongwa studioni, ambazo zilichakaa baada ya kuchezwa mara chache tu. Mashine ya kanda ya kampuni ya AEG ilionyeshwa hadharani Berlin mwaka 1935, lakini nje ya Ujerumani haikuenea mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale mhandisi Mmarekani Jack Mullin aliporudi kwao na mashine mbili na rili 50 alizozikuta huko. Mwimbaji Bing Crosby, aliyechoka kurudia kipindi chake moja kwa moja kila juma, ndiye aliyeingiza kanda kwenye redio kubwa za Marekani mnamo Oktoba 1947.

Kanda ilileta ukombozi, na ukombozi huohuo ukaleta hasara. Utepe unaweza kufutwa na kurekodiwa upya, nao ulikuwa ghali. Kwa msimamizi wa stoo mwenye bajeti ndogo, mahojiano ya juma lililopita yalikuwa utepe unaongoja kazi nyingine. Mashirika makubwa na madogo duniani kote yalifuta kumbukumbu zake hivyo, bila nia mbaya, kila siku kidogokidogo. Kilichosalia mara nyingi kimesalia kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyekataa. Studs Terkel aliongoza kipindi cha mahojiano katika kituo cha WFMT cha Chicago kuanzia 1952 hadi 1997. Alizungumza na Martin Luther King, mwandishi James Baldwin na mwimbaji Mahalia Jackson, na kwa heshima ileile akazungumza na mafundi, wahudumu na wafanyakazi wasiojulikana na yeyote. Zaidi ya vipindi 5,000 vimebaki kwa sababu kanda zilitunzwa. Sasa ziko kwenye makumbusho ya Chicago History Museum, Library of Congress, maktaba kuu ya taifa la Marekani, ikasaidia kuzihamishia kwenye dijitali, na tangu 2018 watu wanazisikiliza mtandaoni. Mjomba wako alikuwa na moyo wa namna hiyo, hata kama hakuwahi kukutamkia.

Sasa mashine ya kuazima. Kabla utepe haujaigusa, safisha njia nzima ya utepe: vichwa, vijiti vya chuma vinavyoongoza utepe na kigurudumu cha mpira. Tumia pamba na spiriti safi kwa vya chuma, na kwa mpira kitambaa chenye maji kidogo tu. Icheze kwanza kanda isiyo na thamani, uangalie kama mashine inavuta kwa upole na inasimama bila kushtuka. Mashine inayokata utepe wakati wa kusimama imeua kanda nyingi. Usipeleke utepe mbele na nyuma kwa kasi kubwa. Ukitaka kurudisha, rudisha polepole.

Kisha kasi. Rili za redio kwa kawaida zilikwenda kwa sentimita 38 au 19 kwa sekunde, na vinasa vya kubebea mkononi vingine vilishuka hadi 9.5. Ukikosea kwa nusu utajua papo hapo: mtu mzima atalia kama kifaranga, au mtoto atanguruma. Hatari kubwa ni kosa dogo, la asilimia 3 au 4, ambalo sikio hulisamehe na historia hulibeba. Mei 6, 1937, mtangazaji Herbert Morrison alikuwa Lakehurst, New Jersey, akirekodi kwenye santuri laini wakati chombo cha angani cha Hindenburg kilipowaka moto mbele ya macho yake. Kinasa chake kilikuwa kikienda taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa. Santuri zilipochezwa kwa kasi sahihi, sauti yake ikatoka nyembamba na ya haraka kuliko ilivyokuwa. Vizazi vya wasikilizaji vimemjua Morrison kwa sauti ambayo si yake hasa. Hofu yake ilikuwa ya kweli, lakini sehemu ya ule wembamba wa kilio ilitoka kwenye mota.

Kwa hiyo pima. Njia nzuri ni mvumo wa umeme. Vinasa vya zamani vilivyochomekwa ukutani mara nyingi viliacha nyuma ya sauti mvumo hafifu wa mitetemo 50 kwa sekunde, au 60 katika nchi kama Marekani. Ukiingiza sauti kwenye kompyuta, programu ya kuchambua sauti itakuonyesha mvumo huo kama mstari mmoja ulionyooka. Mstari ukisimama kwenye 48 badala ya 50, umeshajua kosa na kiasi chake. Mvumo ambao kila mtu anataka kuufuta ndio shahidi wako bora wa kasi. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kukataza watu kusafisha sauti kabla ya kuihifadhi.

Jambo jingine litakalokushtua: ukisikia chini ya mahojiano mtu mwingine akizungumza kinyumenyume, kanda haijaharibika. Imerekodiwa njia mbili, moja kwenda na moja kurudi, na kichwa cha mashine yako kinasoma zote kwa pamoja. Tafuta mashine yenye kichwa cha njia inayolingana. Na ukisikia neno likijirudia kwa mbali sekunde moja kabla ya kutamkwa, ni sumaku ya mzunguko mmoja imegusa mzunguko wa jirani kwa miaka mingi ya kukaa. Huwezi kulitoa lote, lakini ukizungusha utepe taratibu mara moja au mbili kabla ya kunakili, mwangwi hupungua.

Kuhusu simu mbele ya spika: hapana, na sisemi hivi kwa kiburi cha kitaalamu. Simu itachukua sauti ya spika, sauti ya chumba, feni na gari linalopita, halafu yenyewe itaamua kupandisha na kushusha ukubwa wa sauti na kubana kile inachodhani hakihitajiki. Ukimya kati ya swali na jibu utajaa vumbi. Kama kanda itachezeka mara moja tu, utakuwa umeitumia mara hiyo kwa nakala ya ovyo. Unganisha mashine kwa waya, kutoka tundu lake la kutolea sauti hadi kifaa kinachogeuza sauti kuwa dijitali, na kifaa hicho kwenye kompyuta. Rekodi faili la WAV lisilobanwa, biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde. Hicho ndicho kiwango wanachokubaliana watunza sauti duniani kupitia chama chao, IASA. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho ni kama gigabaiti 2, ya mono ni nusu yake. Kanda zako zote 63 zitaenea kwenye diski moja ndogo na nafasi itabaki.

Hilo ndilo faili mama. Usilipunguze kelele, usilikate mwanzo wala mwisho, usiliongeze sauti. Ukitaka kusikiliza au kumtumia dada yako, tengeneza nakala ya MP3 kutoka kwake na uifanyie upendavyo. Faili mama libaki kama lilivyotoka, liwe na nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya nyumba yako kabisa. Kila mwaka zifungue uone kama zinasomeka. Kuna programu ndogo za bure zinazosoma faili zima na kulitolea mfuatano wa herufi na tarakimu. Faili likibadilika hata kwa nukta, mfuatano nao hubadilika. Uandike mfuatano huo siku ya kwanza, utakuambia mapema kama diski imeanza kuugua.

Panga muda wako bila kujidanganya. Kanda ya saa moja hunakiliwa kwa saa moja, haina njia ya mkato. Ukiongeza kusafisha, kupima, kusikiliza na kuandika, itakula saa tatu. Kanda mbili kwa siku ya mapumziko ni kazi njema.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningelitaja hata kama ungekuwa na nafasi ya kunisikiliza kwa dakika moja tu: maboksi. Sauti isiyojulikana ni ya nani, ya lini na wapi, ni kama barua isiyo na anwani. Ipo, lakini haifiki. Kabla ya kunakili chochote, piga picha ya kila boksi pande zote, mgongo na ndani ya kifuniko, na kila kipande cha karatasi kilichomo. Ipe kanda namba, namba hiyo iwe jina la faili na jina la picha, na iandikwe kwa penseli kwenye boksi. Nakili mwandiko wa mjomba wako herufi kwa herufi, hata pale unapoona amekosea jina la mtu. Sahihisho lako liweke kwenye safu ya pembeni. Na tarehe uiangalie vizuri, kwa sababu boksi la redio linaweza kuwa na mbili: ya kurekodi na ya kurusha. Zikitofautiana kwa miezi, hilo nalo ni habari. Huenda kuna aliyesita.

Utakuta pia kanda za aina mbili. Moja ni kipindi kilichorushwa, chenye mziki wa mwanzo na mtangazaji akiaga. Nyingine ni mbichi: kinasa kiliwashwa, watu wakazungumza dakika 50, na kati ya hizo 12 zikaenda hewani. Wakati ule kuhariri kulikuwa kukata utepe kwa wembe na kuunga kwa utepe wa gundi, na vipande vilivyokatwa vilibaki sakafuni, isipokuwa fundi aliyeviokota akavizungushia kwenye rili ndogo. Watu wengi huokoa kipindi wakatupa mbichi kwa sababu haina mpangilio. Fanya kinyume ukilazimika kuchagua. Kipindi kinakuonyesha redio ilitaka kusema nini, na kanda mbichi inakuonyesha mtu. Humo utasikia mhojaji akirudia swali kwa upole, mhojiwa akisema “hilo tuliache”, kikombe kikigonga sahani, ukimya wa sekunde saba kabla ya jibu ambalo hewani lilionekana kutoka haraka. Maungio yenyewe yatakuwa yamekauka na yataachia ukicheza. Usifadhaike, yaunge upya kwa utepe maalumu wa kuungia, kamwe si kwa selotepu ya ofisini, maana gundi yake hutambaa na kuunganisha mzunguko mmoja na mwingine.

Kanda mbichi ndiyo inanileta kwenye swali lako la tatu. Niliwahi kunakili moja ambamo mhojiwa, mzee wa makamo, anauliza katikati, “Umeshazima?” Mhojaji anajibu ndiyo. Na kinasa kinaendelea. Dakika sita zinazofuata ni za ukweli kuliko zote, na hakuwahi kukubali zisikike. Nimezihifadhi. Sijaziweka mahali popote pa wazi, na sitaziweka mpaka mwenyewe au watoto wake waamue.

Kumiliki kanda ni kumiliki plastiki na boksi. Haki ya kilichomo ni jambo jingine, na mara nyingi imegawanyika: redio iliyotengeneza kipindi ina yake, aliyeandika maandishi yaliyosomwa ana yake, mziki uliotumika una wenyewe, na katika nchi nyingi mhojiwa naye ana lake la kusema. Muda wa ulinzi hutofautiana sana. Mkataba wa Roma wa 1961 unaweka angalau miaka 20 kwa matangazo ya redio, makubaliano ya biashara ya TRIPS yanataka angalau miaka 50 kwa rekodi za sauti, na nchi nyingi zimekwenda mbali zaidi ya hapo. Marekani, kwa mfano, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zimekuwa huru kwa wote tangu Januari 2022 tu. Kanda za miaka ya 1960 na 1970 karibu popote zitakuwa bado na mwenyewe.

Hii haina maana ukae na sanduku kimya. Kunakili ili kuokoa na kuchapisha ni hatua mbili tofauti, na ya kwanza isingoje ya pili. Nakili sasa. Kisha irudie redio, safari hii kwa maandishi, ukiwa na orodha kamili mkononi: namba, jina, tarehe, urefu. Mtu wa mapokezi aliyekuambia nakala hazipo alisema kweli. Orodha ikifika kwa mkuu wa maktaba au wa vipindi, itampa sababu ya kukupigia simu. Waahidi nakala ya mafaili yote, nawe uombe ruhusa ya maandishi ya kuweka hadharani vipindi vilivyokwisha kurushwa. Vile ambavyo havikurushwa vizungumzie kimoja kimoja, na familia za wahojiwa zikipatikana, ziulizwe. Nimeona familia zikilia kwa furaha kusikia kicheko cha baba, na nimeona moja ikisema hapana. Zote zilikuwa na haki.

Kanda zenyewe usizitupe baada ya kunakili, hata zile za siki. Hifadhi ya taifa ya nyaraka, maktaba ya chuo kikuu au makumbusho yenye chumba baridi na kikavu yanaweza kuzipokea, hasa zikija na mafaili na maelezo. Marekani, Library of Congress na kituo cha utangazaji cha Boston, GBH, waliunganisha nguvu mwaka 2013 katika hifadhi moja ya utangazaji wa umma, wakaanza na saa zipatazo 40,000 kutoka vituo vya nchi nzima.  Na usikawie. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA walianza kutoa tahadhari rasmi kwamba mashine za kucheza kanda zinakwisha, vipuri havitengenezwi tena, na mafundi wanaozijua wanastaafu. Walitaja mwaka 2025 kama mpaka. Mashine uliyoazima inaweza kuwa adimu kuliko kanda utakazoichezea.

Kaseti zako chache nimeziacha nyuma kwa sababu zina afadhali. Vunja vijimeno viwili vya juu mgongoni ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya, na zile za dakika 120 zishughulikie kwa uangalifu kwa kuwa utepe wake ni mwembamba mno.

Zimebaki zile zisizo na maandishi. Ziweke mwisho, lakini usizikatie tamaa. Zikinakiliwa, sikiliza ukiwa na kalamu: cheo cha mtu anayetajwa, habari inayozungumzwa kama ya jana, jina la kipindi kinachofuata. Linganisha sauti ya mtangazaji na zile ambazo tarehe zake unazijua. Na unaporekodi, washa kompyuta kabla utepe haujaanza kusogea, usingoje mhojaji afungue kinywa. Fundi alipopima kipaza sauti, kabla mgeni hajaketi, alihesabu mwenyewe: moja, mbili, tatu. Redioni sehemu hiyo ilikatwa kila siku. Kwenye kanda zako mbichi huenda bado ipo, na anayehesabu ni mjomba wako.